Kitenge cha Mama Fausta

Tarehe 30 Juni 2009, Bi. Fausta Thadeo anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Kilosa kwa miaka thelathini. Alianza kama mpiga chapa, enzi ofisi hii ikiwa ya kiwanda cha serikali. Kiwanda kilipobinafsishwa wengi walipunguzwa. Yeye akahamia kwenye kompyuta, akajifunza kuandika programu huku akilalamika kwamba kiti kinamuumiza mgongo. Hajaacha kulalamika mpaka leo.

Kazi yake kubwa ni maktaba yetu ya programu za picha, hasa sehemu inayosoma picha za kuvalisha, zile ambazo kompyuta huyavika maumbo yake kama ngozi. Kila mtengenezaji wa programu huzihifadhi kwa mtindo wake wa faili, na mitindo karibu yote imesalimu amri kwa Mama Fausta. Faili likigoma kufunguka, hulisemesha Kikaguru, na hapo tunajua halina muda mrefu.

Mwaka 2003 hoteli moja ya Mikumi ilitaka wanyama watembee kwenye skrini. Mtindo wa faili zao ulikuwa mgeni kwetu, na tajiri wetu, mwenye ofisi, alishasema wazi kwamba tukiikosa kazi hiyo anafunga ofisi. Mama Fausta akazifungua. Alijaribu na pundamilia, akatokea safi kabisa, tukapanda gari kwenda Mikumi kwa mbwembwe.

Mbele ya wageni, simba akatokea wa bluu! Nyekundu na bluu zilikuwa zimebadilishana nafasi, na pundamilia, kwa weusi na weupe wake, asingeweza kutuonya. Tulitamani ardhi ipasuke. Dereva wetu Luhaga akauliza kwa sauti kama mnyama huyo amekunywa wino. Wageni wakacheka, chai ikaletwa, na kabla haijapoa Mama Fausta alikuwa amesharekebisha. Kazi tukapewa, sote tukabaki na ajira.

Tangu siku hiyo pundamilia amepigwa marufuku. Kila mtindo mpya hujaribiwa kwa picha ya kitenge alichovaa Mama Fausta siku ile ya Mikumi: chekundu, chenye maua ya bluu na majani ya njano. Kitenge chenyewe kimeshapauka kwa kufuliwa. Juzi alikuja nacho, akakilinganisha na skrini, ambako rangi zake bado zimekolea, akakikunja taratibu.

Mama Fausta, ahsante sana. Tutakukumbuka, hata malalamiko yako. Tunakuombea afya, utulivu na kiti kisichoumiza mgongo. Rangi za kitenge chako tunazo sisi, kila moja mahali pake; njoo uzitazame siku yoyote.