Mashua ya Fundi Valeriani na Mawe ya Lupingu

Wasikilizaji wapendwa, muwe jikoni, shambani au dukani, naomba mnipe sikio kwa muda mfupi. Leo tunamkumbuka fundi seremala Valeriani Kapinga wa Mbinga, aliyezikwa juma lililopita. Alizaliwa milimani, kwenye kahawa. Lakini watu wa ziwani watamkumbuka kwa mashua.

Mke wake, Mama Hedwiga, ni mzaliwa wa Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Dada yake, Notburga, aliolewa mbali, Matema, kaskazini kabisa mwa ziwa. Mama yao, Bibi Mektilda, alikuwa anapoteza macho. Alitaka jambo moja: amwone Notburga kabla giza halijafunga.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Ushirika ulikuwa umelegea, bei ya kahawa leo hivi, kesho vile. Nauli ya meli kwa familia nzima haikupatikana. Basi Fundi Valeriani akasema atajenga mashua. Mashua ya gharama ndogo, ya kuipeleka familia safari ndefu na kuirudisha nyumbani salama. Nasema tena: na kuirudisha.

Hakuna aliyemfundisha. Alichonga vimashua vidogo, akaviweka vielee kwenye karo la kuoshea kahawa na kuvipepea kwa ungo. Kilichopinduka alikichonga upya. Mama Hedwiga anacheka akikumbuka: “Kahawa yangu inangoja kwenye ndoo, vimashua vyake vinaoga.” Mbao ngumu aliziweka kwenye mkuku tu, ule uti wa mgongo wa chombo. Kwingine alitumia mbao za kuezekea. Tanga alilishona kwa maturubai ya kuanikia kahawa.

Kulikuwa na jambo jingine la kufikiria. Kwa desturi yao, mtu na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana. Sasa watakaaje chombo kimoja siku nyingi? Fundi akatundika mkeka kwenye mlingoti. Yeye nyuma kwenye usukani, bibi mbele. Akiwa na neno, bibi alimwambia Hedwiga, naye Hedwiga akalipeleka nyuma. Chini ya benchi la bibi, fundi alipanga magunia ya mahindi, zawadi ya Notburga. Kwa watu huendi mikono mitupu. Wavuvi wa Mbaha wakamtania: “Fundi, hii ni mashua au ghala?” Akatabasamu, akaendelea kupanga.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Mwera, upepo wa kusini, uliwasukuma kwa nyuma. Jioni walitia nanga, wakapika ugali ufukweni. Walipofika Matema, Bibi Mektilda alimshika Notburga uso kwa viganja viwili, akautazama kwa karibu sana. Magunia yakashushwa, watu wakala, wakaimba.

Kosa lilikuwa hapo, wasikilizaji wapendwa. Tusilihukumu upesi. Kwa mtu wa milimani, gunia la mahindi ni mzigo, na mzigo ukishushwa ni heri. Hakujua kwamba magunia yale ndiyo yaliyoituliza mashua.

Wakati wa kurudi, mwera uliwakabili. Karibu na Lupingu mashua ikalala ubavu, maji yakaingia. Fundi akapunguza tanga. Ikalala tena. Watoto wakalia. Mwana wao Damiano, ambaye leo naye ni fundi, anasimulia kwamba bibi alipapasa chini ya benchi lake, kisha akauvuta mkeka ukaanguka. Akamwita mkwe wake kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

“Valeriani, hapa chini patupu. Magunia ndiyo yaliyokuwa yametushika. Tupeleke ufukweni tutie mawe.”

Fundi akageuza usukani kuelekea ufukweni. Kisha akajibu, “Ndiyo, mama.”

Ufukwe wa Lupingu una mawe mengi. Waliyapitisha mkono kwa mkono, bibi naye katikati ya mstari. Mashua ikasimama vizuri, nao wakafika Mbaha wote. Mkeka haukutundikwa tena. Bibi Mektilda aliukalia mpaka nyumbani.

Baadaye fundi alitengeneza sanduku la mawe chini ya sakafu, yasiviringike. Wajenzi wa mashua kutoka Lundo waliokuja kujifunza kwake aliwaambia neno moja: “Gunia likitoka, jiwe liingie.”

Juma hili, baada ya matanga, familia ilishuka Mbaha. Walitaka kumpelekea Notburga habari za msiba kwa mashua ileile. Mama Hedwiga akaokota jiwe, akaliweka nyuma, penye usukani. Damiano akamwambia, “Mama, sanduku la chini limeshajaa.”

Mama Hedwiga akajibu, “Hili si la chini. Baba yenu alikuwa na uzito wake.”

Mama Hedwiga, Damiano na ndugu wote wa Mbinga na Mbaha, poleni sana. Mungu awatie nguvu, na fundi wetu ampumzishe kwa amani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, katika kila nyumba yupo mtu aliyekaa chini kabisa, kimya, naye ndiye anayeizuia isipinduke. Tusingoje mpaka pawe patupu. Leo mkikaa kula, mtazameni. Mwiteni kwa jina.