Kwa Nini Nilinyoosha Mkono

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Tarnley, pamoja na Bibi Meya, Mchungaji Cropper, mwenyeji wetu katika ukumbi huu wa kanisa, Bwana Harold Lumb, Mwenyekiti wa klabu, uliyenunua tiketi mlangoni kama mtu mwingine yeyote ukaenda kukaa meza ya nyuma karibu na jiko, wachezaji wenzangu, akina mama wa kiwanda cha sapatu mlioandaa karamu hii, mke wangu Marjorie na binti yetu Jean, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mmekula pai ya nyama na viazi, mmekula kabichi nyekundu, na kwa kuwa tumo kwa Wamethodisti, wasioruhusu pombe, mmeshushia kwa chai tu. Kwa hiyo hakuna mwenye kisingizio cha kulala nikiongea.

Mwezi wa Mei natundika daluga. Tangu nilipovua sare ya jeshi baada ya vita nimevaa jezi moja tu, hii ya Tarnley, na nimecheza nafasi moja tu, beki wa kushoto, na sasa ndiye nahodha. Wengine wenu mmenishangilia. Wengine mmenitukana mkiwa upande uleule wa jukwaa, tena kwa sauti nzuri zaidi. Nyote nawashukuru, maana mtu hatukani asichokipenda.

Ila shukrani za jumla ni kama mvua ya manyunyu, haimlowanishi mtu. Niruhusuni niwataje watu.

Naanza na Bi Ada Pilling, yule pale mwenye kofia ya kijani, ambaye amekata soli za sapatu kiwandani kwa Bwana Lumb tangu akiwa msichana. Mnajua kwamba kiangazi, ligi ikisimama, sisi wachezaji hupunguziwa mshahara, na kila mtu hutafuta kibarua. Mimi nilikuwa nabeba makaa ya mawe. Siku moja nimeshusha gunia nyuma ya nyumba ya Bi Ada, vumbi likaruka likatua kwenye mashuka yake yaliyoanikwa. Akatoka, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyejifunga Jumamosi ya Pasaka?" Nikamwambia ndiye mimi, mama. Akasema, "Basi si ajabu. Hata gunia hulioni unakolipeleka." Tangu siku hiyo tumekuwa marafiki.

Wa pili ni Bwana Lumb. Najua kuna watu humu wangependa nimruke. Sitamruka. Jean wetu alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Theluji ilikuwa imefunga barabara, mabasi hayatembei, daktari anasema mtoto apelekwe Manchester na hakuna wa kumpeleka. Asubuhi ile aliyegonga mlango wetu alikuwa Bwana Lumb, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, gari lake linanguruma nje. Hakumtuma dereva. Aliendesha mwenyewe, na lilipokwama alishuka akachimba theluji kwa koleo pamoja nami. Jean, simama kidogo watu wakuone. Asante, kaa. Bwana Lumb, yule uliyemwona amesimama ni deni ambalo mimi na mama yake hatutalilipa, wala hatujaribu.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, kwa maana mngeniona mnafiki kama ningelizunguka.

Nyote mnaijua sheria ya ligi: hakuna mchezaji katika nchi hii anayeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni ishirini kwa wiki, awe hodari kama Des Fitton wetu, winga anayejaza uwanja, awe mzee mwenye magoti yanayolia kama mimi. Chama chetu cha wachezaji kimedai kikomo hicho kiondolewe. Wakubwa wa ligi bado wanajadiliana. Wasipotoa jibu la kuridhisha wiki hii, Jumamosi hatuchezi, na mgomo huo tuliupigia kura kabla ya Krismasi.

Je, niliona watu wa mji huu wakitushangilia? Hapana. Siku moja nimesimama kwenye foleni ya samaki na chipsi, Bi Ada yuko mbele yangu. Akageuka, akasema watu wote wasikie, "Pauni ishirini hazikutoshi, Wilf? Mimi nakata soli wiki nzima, hata nusu yake siipati. Nyie mkiongezewa, atakayelipa ni mimi pale getini." Nikamwambia huenda ni kweli, mama, siwezi kukuapia kwamba tiketi haitapanda. Akachukua samaki wake akaondoka, mimi nikabaki nimeinama kama mtoto aliyevunja kioo.

Kesho yake akanifuata mpaka mlangoni. Hakuketi. Akasema, "Nimelala nikiwaza. Sisi kiwandani tunalipwa kwa dazani. Nikikata nyingi napata nyingi. Siku Bwana Lumb akija kuniambia, Ada, hata ukate jozi ngapi malipo yanaishia hapa, nitamrushia kisu cha soli." Halafu akaongeza, "Lakini tiketi ikipanda nitakuzomea." Nikamwambia hiyo ni haki yake.

Wiki ileile Bwana Lumb aliniita ofisini kwake. Nitayasema tuliyozungumza kwa sababu yupo hapa, na nikikosea atanisahihisha. Hakupaza sauti. Alisema kikomo kikiondoka miji mikubwa itatumeza, kwamba kila kijana hodari atakayelelewa Tarnley atanunuliwa kabla hajaota ndevu. Alinikumbusha kwamba mwezi Mei klabu ilikuwa iniandalie mechi ya kuagwa, ile ambayo viingilio vyake hupewa mchezaji anayestaafu. Akanikumbusha pia kwamba nyumba tunayokaa, Garden Street, ni ya klabu. Kisha akasema, "Wilfred, mwanangu, wewe umri umekwisha. Hutapata hata senti katika vita hivi. Siwezi kumwandalia heshima mtu anayefunga geti langu. Ukinyoosha mkono kuunga mgomo, mechi hakuna, na nyumba nitaihitaji."

Kuhusu miji mikubwa sikumbishia. Hata leo simbishii. Huenda Bwana Lumb anaona mbali kuliko mimi. Huenda nahodha ajaye wa Tarnley atakuja mazoezini na gari lake, asisimame kwenye foleni ya chipsi, Bi Ada asipate wa kumgombeza, na hiyo itakuwa hasara kwa nahodha huyo. Sikuja hapa kuwaahidi pepo.

Nilirudi nyumbani. Marjorie alikuwa anapiga pasi. Nikamweleza yote, mechi na nyumba, nikitegemea atalia, au atanikataza, na kwa kweli nilikuwa natamani anikataze. Akaendelea kupiga pasi lile shati mpaka mwisho wa mkono. Akauliza, "Nyumba hii ingekuwa yetu wenyewe, ungenyoosha mkono?"

Nikasema, "Ningenyoosha."

Akasema, "Basi kesho naanza kutafuta maboksi."

Ndugu zangu, nimekabana na mawinga wa kila aina. Sijawahi kukutana na mtu mwepesi kiasi hicho.

Tulipiga kura katika chumba cha kubadilishia nguo. Des alinivuta pembeni, uso umempauka, akaniambia, "Wilf, kaka, usiponzeke kwa ajili yangu." Nikamjibu, "Kwa ajili yako wewe? Wewe hata pasi hunipi." Wote wakacheka, nami nikatumia kicheko kile kunyoosha mkono kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Lakini leo nitamjibu sawasawa, yeye na Bwana Lumb kwa pamoja. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, nami nikidhani anazungumzia wavivu. Bwana Lumb, umenitendea wema mwingi, na wema wako haukuwa wa uongo. Lakini maisha yangu yote ya mpira yamekaa juu ya wema wako, na wema ni mali ya mwenye nao. Akitaka huutoa, akitaka huurudisha kabatini. Nyumba ilikuwa wema. Mechi ilikuwa wema. Des na wenzake hawakuombi uwe mwema. Wanaomba kukaa nawe mezani, wewe utaje bei yako, wao wataje yao, na mkishindwana mpeane mikono muachane. Je, hilo ni kosa? Wewe mwenyewe si ndivyo unavyouza sapatu?

Mechi yangu ya kuagwa ilifutwa, kama ulivyosema ungeifuta. Wewe ni mtu wa neno lako. Habari ilipofika kiwandani, akina mama hawa wakaamua kwamba kama Wilf Ormerod haagwi uwanjani, ataagwa kwa pai. Ndiyo karamu hii. Na Bi Ada, ambaye mwanawe amehamia Australia, akasema vyumba vyake vya juu vipo vitupu na vinahitaji watu wa kupiga kelele. Tumepanga kwake. Tulihama juzi. Wanawake watano walishika kabati langu la nguo, wakalipitisha barabarani mbele ya kiwanda, saa ya kazi. Des alibeba mashine ya kukamulia nguo, ikambana kidole, akasema maneno ambayo Mchungaji hatayasikia kwangu.

Bwana Lumb, ulikuwa dirishani. Tulikuona. Uliwaona wafanyakazi wako wamebeba mali ya mtu uliyegombana naye, ukashusha pazia ukarudi kwenye kiti chako. Hakuna aliyekatwa mshahara, hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi. Hilo nalo naliweka katika shukrani zangu, tena karibu na juu.

Nina funguo za Garden Street hapa mfukoni. Nyumba imefagiliwa, Marjorie amewaachia wapangaji wajao mapazia, na dirisha la jikoni linahitaji kusukumwa kwa bega. Nilitaka kuzipeleka ofisini, mke wangu akasema mtu aliyekuja mwenyewe asubuhi ile ya theluji hukabidhiwa mkononi. Naona unasimama. Kaa, Bwana Mwenyekiti, nitakuja huko.

Haya. Nimerudi. Mmeona wenyewe: amezipokea, na tumepeana mikono. Ameniuliza jambo, nami nimeomba ruhusa yake kulijibu mbele yenu, naye amekubali. Ameuliza kama Jumamosi nitaiongoza timu.

Wakubwa wa ligi wakikubali, nitakuwa uwanjani saa tisa kamili, na Mungu amsaidie winga atakayekuja upande wangu. Wakikataa, nitakuwa kwa Bi Ada napaka rangi mlango wa mbele, na yeyote atakayepita, pamoja na wewe Bwana Lumb, akaribie, chai itakuwepo.

Meya, Mchungaji, akina mama, wenzangu, na wewe Marjorie: mmenisikiliza kwa subira kuliko marefa wote wa Lancashire. Asanteni sana.