Kizimba cha Mwalimu Melkizedek

Mchungaji, ndugu, majirani, nanyi watani mliokalia majembe ya kaburi tangu asubuhi mkidai kwamba Hakimu wenu, kama mlivyozoea kumtania marehemu, hazikwi bila ninyi kusikilizwa, familia imenituma mimi Samweli, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, nami nawaomba mtulie kidogo, zamu yenu itafika.

Mwalimu Melkizedek Cleopa alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 hapa Munisagara, mtoto wa kwanza wa Mzee Cleopa na Mama Raheli, akaanza shule ya misheni mwaka 1939, akamaliza darasa la nane mwaka 1947, akachukua mafunzo ya ualimu, akafundisha Ulaya, kijiji cha hapahapa Kilosa wala si ng'ambo, kuanzia Januari 1950 na Mikumi kuanzia mwaka 1957, na Uhuru ulimkuta hukohuko Mikumi akiwafundisha watoto wimbo wa taifa, ingawa yeye mwenyewe, tuseme ukweli, kuimba hakujaliwa. Tarehe 6 Juni 1953 alifunga ndoa na Yudith, Mungu akawajalia watoto wanne, Paulo, Regina, Marko na Filipo.

Julai 1970, akiwa na miaka arobaini na mvi za kutosha, aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mtihani maalumu wa watu wazima, kusomea sheria, kwa kuwa kijiji kilikuwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba, na baba yetu alikuwa amesimama mkutanoni akatangaza kwamba mwanawe atarudi mwanasheria. Wazee wetu si watu wa kungoja, wakafyatua matofali, wakajenga mahakama kwa nguvu za ujamaa, ikawekwa kiti cha hakimu na kizimba cha mninga alichokichonga baba mwenyewe, bila kumwuliza mtu yeyote kama kijiji kinaruhusiwa kujijengea mahakama.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa wa kwanza darasani. Lakini katika kesi ya mazoezi, yeye akiwa mwendesha mashtaka, alijikuta anamfundisha mshtakiwa namna ya kujibu, mpaka mshtakiwa akashinda, na hapo, kama alivyozoea kutusimulia huku akicheka, akajua kwamba ualimu haujamtoka. Chuo kilimkubalia kuhamia Elimu kwa sharti kwamba asishuke kwenye alama za juu, la sivyo angepoteza nafasi yake, na sharti hilo halikumtisha, aliyemtisha ni baba.

Alimweleza likizo ya Aprili 1971. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtu aliyepotea njia, hata akiwatangulia wenzake, amepotea tu," na tangu siku hiyo hakuitikia tena shikamoo yake, na huku kwetu mzazi asiyeitikia shikamoo amekwisha kumwambia mtoto kwamba hamjui. Mwalimu akarudi chuoni akasoma kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, akawa wa kwanza mwaka huo na uliofuata, na kila aliporudi alitoa shikamoo yake mlangoni, akanyamaziwa, akaweka mfuko chini, akachukua jembe akaenda shambani. Iliumiza kuona.

Likizo ya mwaka 1972, mahakama ikiwa imekaa bure, alianzisha humo darasa la ngumbaru, kuwafundisha wazee kusoma na kuandika, akaegemeza ubao kwenye kizimba, na baba akaja akakaa nyuma kabisa, akasema, "Mimi sisomi, nimekuja kulinda jengo langu," akalilinda bila kukosa hata siku moja, hata Mwalimu aliporudi chuoni na darasa likabaki mikononi mwangu.

Tarehe 11 Mei 1973 Mwalimu, akiwa likizo tena, aliingia darasani akawasalimu wazee, wote wakaitika isipokuwa mmoja, na huyo mmoja akainuka, akapita katikati ya madawati, akasimama kizimbani, akaomba chaki, akaandika kwa herufi kubwa, ile ya mwisho ikiwa imelala chali, MARAHABA. Mwalimu alilia mbele ya wanafunzi wake, tukalia sote, na baba akageuka kuuliza kama amekosea herufi.

Mwaka 1974 alipata shahada ya daraja la kwanza, akawa mratibu wa elimu ya watu wazima wilayani Kilosa, akizunguka kwa baiskeli kutoka Rudewa hadi Mikumi, na ule ugomvi wa mipaka wazee waliumaliza wenyewe, juu ya madawati yaleyale. Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1982, akafariki tarehe 9 Agosti 1984 katika Hospitali ya Wilaya, Kilosa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake waliotoka mbali, na watani, ambao sasa tunawaomba majembe yetu.

Shikamoo, Mwalimu. Leo wewe ndiye usiyeitika, nasi hatuna kinyongo, kungoja umetufundisha mwenyewe. Pumzika kwa amani.