Jiwe la Saba la Mama Tránsito

Mama yetu, Tránsito Chonay Sicán, alizaliwa tarehe 15 Agosti 1948 hapa hapa Santa Inés del Cerro, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Cornelio Chonay na mkewe Valeriana Sicán. Watu wa manispaa wameniomba mimi, Eusebia, kitinda mimba wake, nisome wasifu mfupi usio na maneno ya uchochezi. Utakuwa mfupi.

Marehemu aliingia shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1956, akaishia darasa la pili. Alikuwa na sare moja tu, akiifua kila alasiri na kuivaa asubuhi mishono ikiwa bado mibichi. Kikohozi kilipomzidi, mwalimu alimrudisha nyumbani, na hakurudi tena. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni.

Mwaka 1960, akiwa na miaka kumi na miwili, bibi Valeriana alimkabidhi bakuli la kuchotea maji. Kwetu huko ndiko kurithishwa jiwe. Birika letu la kufulia, lile hodhi la maji la kijiji kizima, limezungukwa na mawe kumi na sita ya kusugulia nguo, kila jiwe na mwenyewe, na lake lilikuwa la saba. Kwa miaka zaidi ya sitini alifua hapo nguo zetu na za watu, kwa sabuni ya mafuta ya nguruwe, zile nyeupe akizitandaza juu ya majani juani na kuzinyunyizia maji mpaka zing'ae. Yeye mwenyewe alivaa mitumba. Kola ikichakaa aliigeuza, shati likishindwa kabisa likawa nepi, na nepi ikaishia kupiga deki. Mjini Antigua alikwenda kwa miguu, na mzigo ukimzidi alipanda basi. Hakujua kwamba mambo hayo yana jina, kutunza mazingira, mpaka manispaa ilipomletea mwalimu.

Tarehe 4 Novemba 1967 alifunga ndoa na Nazario Xicay, muuza parachichi, wakajaliwa watoto watatu. Baba alifariki mwaka 2009. Mwaka 2015 mimi, niliyekuwa na kazi ya ofisini mjini na akili ya kimjini, nilimnunulia Mama mashine ya kufulia. Aliifungua, akachungulia ndani, akasema, "Asante, mwanangu." Akahifadhia humo mahindi. Panya hawakuyagusa kwa miaka yote hiyo.

Mwezi Machi 2023 alitujia Bwana Obdulio Barrientos, afisa mazingira wa manispaa, ambaye namwona hapo mbele na miwani yake ya jua. Alikuja peke yake kwenye gari la watu watano, kutoka ofisi iliyo mitaa minne tu kutoka hapa, kutufundisha tupunguze safari za gari. Alituletea maji ya chupa za plastiki na fulana mpya za nailoni zenye picha ya jani. Kisha akawaeleza wanawake kumi na sita kwamba nguo ikianikwa juani haichafui hewa.

"Ehe," Mama akamjibu, "na kuku akitaga linatoka yai. Endelea, baba."

Akaendelea. Alichukua fulana moja, akaipaka sabuni yake aliyoiita rafiki wa mazingira, akaichovya katikati ya birika. Katikati! Maji yale ni ya wote, huchotwa kwa bakuli, na povu haliingii humo kamwe. Mtoto wa miaka mitatu wa Santa Inés akifanya hivyo anachapwa. Rangi ya kijani ikaanza kutoka.

"We! Toa hilo dude lako!" Mama alipiga kelele.

"Usiogope, mama, sabuni hii haina madhara."

"Haina madhara? Basi inywe."

Hakuinywa. Aliingia garini, wanawake wakashinda kutwa wakilikausha birika na kulisugua.

Mwaka uliofuata manispaa ikagundua kwamba wapotezaji maji ni sisi. Birika lizungushiwe uzio, liwe kituo cha kufundishia mazingira, chenye mkahawa. Kanuni ya zamani inataka wenye mawe wote wakubali. Kumi na tano waliweka dole gumba kwa ahadi ya sabuni ya bure na mfuko wa kitambaa. Siwataji, mpo hapa na maua yenu. Mama peke yake alikataa, na kwa ajili yake birika likabaki wazi. Nami nakiri mbele ya jeneza lake kwamba nilimpigia simu nikamwambia, "Mama, weka dole, yaishe." Akasema, "Hata wewe, Eusebia?" Nilijionea aibu, na naiona mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2024. Alipolazwa hospitali, Bwana Obdulio alimfuata na karatasi ya kukubali na kidau cha wino. Mama alimpa kidole bila ubishi. Kilipobandikwa likatoka doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Sabuni ilikuwa imeshaimaliza alama yote.

"Sasa hilo dole la nani?" akamuuliza. "Nenda, baba. Uende kwa miguu, usichafue hewa."

Alirudishwa nyumbani, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita. Jumapili iliyotangulia aliniita kitandani, akanikabidhi bakuli.

Marehemu ameacha watoto watatu, Macario, Petrona na mimi, na wajukuu saba. Jana, kabla hata hatujamvisha, Bwana Obdulio alinijia na karatasi ile ile, akanipa pole, akasema jiwe la saba sasa halina mtu. Bwana Obdulio, lina mtu. Kazi ya mjini nimeiacha. Kwa desturi yetu nguo za marehemu hufuliwa siku ya maziko, na za Mama bado chafu. Tumshushe taratibu, Mungu ampumzishe, maana amechoka. Tukishamfukia nakwenda birikani, na anayelitaka dole langu atalikuta huko, limejaa povu.