Dokta Tramble na Kunde za Barazani

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wakuu wa chuo wanne, nyumbu wawili wa kukokota mkokoteni na gari la kwanza la idara, kwa hiyo asinisahihishe mtu. Leo, tarehe 28 Mei 1971, Dokta Odessa Tramble anastaafu baada ya kufundisha sosholojia miaka thelathini na miwili hapa Chuo cha Bethel Grove, Alabama. Hotuba hii ya kumuaga nimeiandika mimi, dereva wake, maana dereva mwingine asingemfikisha kule alikofika.

Mwaka 1948 alikuja msomi mzungu kutoka Kaskazini, kalamu mkononi. Akawauliza watu wetu wana shida gani. Wakamjibu, "Hatuna neno, bwana." Akaandika kwamba watu weusi wameridhika. Bodi ya shule, ya wazungu watupu, ikachekelea: kama wameridhika, sekondari wanayoiomba ya nini?

Dokta aliisoma ripoti ile, akanuna. "Diakoni," akaniambia, "washa gari."

Wanafunzi wake aliwapa sheria moja: usiulize swali mpaka mikono yako iwe na kazi. Basi tukakaa kwenye baraza za watu tukimenya kunde. Mimi nilimenya kuwashinda wote.

Bi Zenobia Crute alimtupia Dokta bakuli mapajani. "Na wewe umekuja kuuliza kama yule?"

"Nimekuja kumenya, mama."

Bakuli lilipojaa, Bi Zenobia akafunguka. "Mwanangu kaishia darasa la saba, shule hakuna. Ningemwambia nini yule mzungu, na nyumba hii ni ya mwenyekiti wa bodi?"

Hapo ndipo kilipotoka kitabu cha Dokta. Alionyesha kwamba jibu la mtu mweusi humtegemea anayeuliza, na anayemiliki paa juu ya kichwa chake. Leo wasomi weusi wengi wanaijenga elimu yao juu ya neno hilo.

Bodi ikamwita mbele ya watu. Taja majina ya waliokuambia, au tutasema umetunga. Mkuu wa chuo naye akamnong'oneza: taja, au kazi huna.

"Niliwaahidi. Sitaji."

Mara Bi Zenobia akasimama kule nyuma ukumbini, bakuli kwapani. "Aliyesema ni mimi. Andikeni vizuri, Crute." Akasimama jirani yake, na mwingine, mpaka viti vikabaki vitupu. Mkuu wa chuo akaanza kutazama viatu vyake, wala hakumfukuza mtu.

Bi Zenobia alitolewa katika nyumba ile wiki hiyo hiyo. Dokta alimpa chumba kwake, na hajatoka mpaka leo. Sekondari ilifunguliwa mwaka 1951. Mwana wa Bi Zenobia alisoma humo, akiwa mkubwa kuliko wote darasani.

Ahsante, Dokta. Nenda kapumzike, ukiweza, ingawa najua huwezi. Gari nimelijaza mafuta.

Anayebisha haya amuulize Bi Zenobia, yule pale safu ya mbele. Ila ashike kunde kwanza.