Hatua Elfu Kumi za Fundi Aliyekuwa Amekaa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Koti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kitinda mimba wa mshona viatu na mkewe. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, na mwaka uliofuata akakaa kwenye cherehani. Kukaa huko kulidumu zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1984 alimwoa mteja aliyerudisha gauni lake mara tatu. "Lilinikaa vizuri tangu siku ya kwanza," mjane husema, "ila yeye alikuwa bado hajatamka neno."

Mwaka 2021 presha na sukari zilipanda. Daktari hakumung'unya maneno: "Mzee, dawa peke yake hazitoshi. Tembea nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuharakisha pumzi."

"Daktari, miguu yangu haijatulia tangu ujana. Kutwa nakanyaga cherehani!"

Daktari alimweleza kwamba kukanyaga huku umekaa hakuupi moyo kazi ya kutosha. Maneno yaliingia sikio hili, yakatokea lile.

Binti yake wa mwisho, ndiye huyu anayewasomea, alimnunulia saa ya kuhesabu hatua. Kila jioni ilionyesha elfu kumi, hata elfu kumi na mbili. Tulishangilia jamani! Lakini presha iligoma kushuka. Siku moja binti alimfuma kibandani: saa imefungwa kwenye kifundo cha mguu, fundi anakanyaga huku anapiga mluzi.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Hatanipa nafasi ya kupumua."

Binti akacheka, akanyamaza. Alinyamaza miezi minane.

Tarehe 9 Juni 2024 fundi alianguka akipanda ngazi za zahanati, ngazi kumi na moja tu. Moyo ulikuwa umechoka. Alifariki siku tatu baadaye, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tangu siku hiyo shangazi analia kwamba mdogo wake ameuawa na matembezi ya kulazimishwa. Mjane, aliyemhimiza kila asubuhi atembee, hajainua uso. Inauma, na haiwezekani kumzika kwa uongo. Shangazi, hakutembea. Mama, hukumuua; ulikuwa ukimwokoa. Aliyejua akafunga mdomo ni huyu aliyeshika karatasi hii.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Pumzika sasa, baba. Hatutakuamsha tena ukatembee.