Kingamwili ya Kinyozi

MTAFITI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

DADA: Nani mwenzako! Dada yako. Sauti yangu umeshaisahau?

MTAFITI: Shikamoo dada. Namba ndiyo siijui.

DADA: Marahaba. Ni simu ya mume wangu. Yangu haina salio, na hii nayo inapumulia puani, kwa hiyo nisikilize. Kuna mwanamume kibarazani kwangu.

MTAFITI: Mwanamume gani?

DADA: Ningemjua ningekupigia? Kabisha hodi, kasalimia vizuri, kauliza kama hapa ndipo anapoishi yule binti wa maabara. Nikasema moyoni, haya, hatimaye! Mdogo wangu kapata mtu. Umri umemwendea kidogo, lakini shati limepigwa pasi.

MTAFITI: Dada, niko kazini—

DADA: Nikamwambia karibu ndani, shemeji. Kakataa. Anasema panamtosha hapo nje. Nimeshamaliza kushona mikono yote miwili ya gauni, yeye yupo palepale kwenye ngazi. Chai kaikataa mpaka nilipommiminia kwenye kikombe chake. Kaja nacho mfukoni, mdogo wangu! Kikombe! Nani anakwenda kuposa na kikombe chake?

MTAFITI: Ni mrefu? Ana kichana kwenye mfuko wa shati?

DADA: Huyo huyo.

MTAFITI: Mungu wangu. Kinyozi.

DADA: Kumbe mnajuana! Anasema mna damu yake.

MTAFITI: Tunayo.

DADA: Na unajibu hivyo hivyo, bila aibu! Yeye kasema kama mtu anayefuata sufuria aliloazimisha jirani. "Wana damu yangu, mama." Mimi nikabaki—

MTAFITI: Subiri. Subiri nihame hapa. (mlango unafungwa, mikwaruzo) Haloo? Unanisikia?

DADA: Nakusikia kama uko ndani ya pipa.

MTAFITI: Niko chumba cha baridi. Nimejificha nyuma ya friji za sampuli.

DADA: Unajificha kazini kwako mwenyewe?

MTAFITI: Leo hatuna ruhusa ya simu. Kesho Profesa anatangaza matokeo. Waandishi wa habari wanakuja, kamera, na mheshimiwa mmoja wa kukata utepe.

DADA: Utepe wa nini? Mmejenga daraja?

MTAFITI: Umefungwa kwenye kizimba cha panya.

DADA: Panya kafungwa utepe!

MTAFITI: Mwekundu. Ameshautafuna mara mbili, tumefunga mwingine. Halafu tangu asubuhi tunafanya mazoezi ya kupiga makofi. Profesa anasema makofi yetu hayana uzito wa kisayansi.

DADA: Usinichekeshe, nina pini mdomoni.

MTAFITI: Sasa hivi yuko ukumbini anafanya mazoezi ya unyenyekevu. Anainamisha kichwa, anasema, "Mimi ni nani hata nisifiwe," halafu anatuuliza kama ameinama vya kutosha.

DADA: Na mnamjibu nini?

MTAFITI: Tunapiga makofi.

DADA: (anacheka) Jamani, wasomi! Haya, na huyu wa kikombe anaingia wapi katika arusi hiyo?

MTAFITI: Yeye ndiye— (mikwaruzo)

DADA: Ndiye nani? Unakatika.

MTAFITI: Sikukatika. Nimenyamaza. Dada, nimetia sahihi. Sitakiwi kusema neno mpaka kesho.

DADA: Aa, basi. Ngoja nikamwambie mgeni kwamba mdogo wangu katia sahihi. Atafurahi sana.

MTAFITI: Anataka nini hasa?

DADA: Anasema ulimwahidi kitu. Ulimwahidi?

MTAFITI: Nilimwahidi kwamba tukishajua, atasikia kwangu kwanza. Kabla ya redio. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

DADA: Na mmeshajua?

MTAFITI: Tumeshajua.

DADA: Tangu lini?

MTAFITI: Tangu... kitambo kidogo.

DADA: Kitambo kidogo. Na mdomo ulikuwa nao siku zote hizo?

MTAFITI: Dada, usinisulubu. Unaikumbuka ile homa iliyofunga mtaa wa juu? Kinyozi na mkewe waliugua pamoja. Mkewe hakutoka hospitali. Yeye akatoka kwa miguu yake. Tukataka kujua amepona kwa nini.

DADA: Mkamnyonya damu.

MTAFITI: Alitoa mwenyewe. Alisema, kama kuna kitu ndani yake ambacho mkewe alikikosa, afadhali kimfae mtu. Sasa wewe ni fundi, utanielewa. Kirusi cha ile homa kina kama kifungo. Hicho ndicho kinachojishikiza kwenye tundu la seli ili kiingie. Mwili ukiugua unatengeneza kingamwili. Kingamwili inakwenda kukishika kile kifungo—

DADA: Kama nikikifunika kwa kitambaa. Hakipiti tena kwenye tundu.

MTAFITI: Umepata! Wote waliopona walikuwa na vitambaa hivyo, lakini vingi vilipwaya. Vya kinyozi vilikaa kama vimepimwa. Tukazitafuta kwenye damu yake zile seli zinazovishona, tukachagua iliyo hodari kuliko zote. Sasa kingamwili yake tunaizalisha wenyewe humu ndani, kwenye mitungi, kiasi tunachotaka.

DADA: Bila yeye.

MTAFITI: Bila yeye.

DADA: Kwa hiyo mmechukua kipimo kwake, mkafungua kiwanda, na mwenye mwili mkamwacha barazani kwangu.

MTAFITI: Ukisema hivyo—

DADA: Nisemeje basi? Mlimpa nini?

MTAFITI: Soda. Biskuti. Na fulana.

DADA: Fulana!

MTAFITI: Imeandikwa "Mimi ni sehemu ya suluhisho."

DADA: Kaivaa?

MTAFITI: Ilikuwa ya saizi ya mtoto. Ndizo zilizobaki.

DADA: Hapana, ninyi ni kiboko. Haya, sasa nikupe na mimi utafiti wangu. Unajua anachokijua yeye? Gari lenu lilikuwa linamfuata dukani kila mara, limeandikwa maabara kwa herufi kubwa, wateja wanatazama. Halafu ghafla, kimya. Kaja langoni kwenu, mlinzi kamwambia jina lake halipo. Kaja tena, halipo. Akajijumlishia mwenyewe.

MTAFITI: Akajumlisha nini?

DADA: Kwamba mmekuta kitu kibaya kwenye damu yake na mnaogopa kumwambia. Duka la kunyoa kalifunga. Anakula kwenye sahani yake peke yake. Bintiye kajifungua, kasafiri na kichanga kumletea babu amwone. Hajamgusa.

MTAFITI: Hajamgusa?

DADA: Anamtazama akiwa mlangoni. Hapa nilimsogezea mwanangu mchanga, nikasema mshike kidogo nitunge uzi. Mikono kairudisha nyuma kama mfungwa. Sasa hivi hapa! Na bintiye anaondoka jioni hii kurudi kwa mumewe, mbali, huko ambako kurudi tena ni majaliwa. Anaondoka analia, anasema baba hampendi mwanangu. (mikwaruzo) Haloo?

MTAFITI: Nipo. Kuna mtu humu kazi yake ni kuwaita watoaji damu. Akishapata kinachotakiwa, anaita wengine. Hakuna mwenye kazi ya kuwaaga.

DADA: Lakini mwenye kazi ya utepe yupo.

MTAFITI: Mwambie yuko salama. Mwambie mimi nimesema.

DADA: Nimeshamwambia kabla sijakupigia! Kanijibu, "Asante mama, lakini wewe ni fundi cherehani." Ana adabu, lakini si mjinga.

MTAFITI: Kwenye hotuba ya Profesa anaitwa "chanzo". Jina lake haliruhusiwi kutajwa. Ni siri.

DADA: Siri ya nani?

MTAFITI: Yake.

DADA: Siri yake mwenyewe. Ndiyo mnayomficha yeye.

MTAFITI: Dada, kuna maabara nyingine inatukimbiza. Profesa siku hizi anaogopa hata kivuli chake. Kasema atakayefungua mdomo kabla ya kesho, aondoke na virago vyake. Na mimi jina langu liko kwa wale wanaopelekwa kusoma ng'ambo.

DADA: Ile safari?

MTAFITI: Ile ile.

DADA: Ile niliyokushonea suti?

MTAFITI: Ndiyo, dada.

DADA: Mbona hukusema mapema? Mimi nakusimanga hapa kumbe... Basi, sikia. Kesho si mbali. Nitamwambia hukupatikana. Nitamwambia mtandao umeanguka. Kudanganya najua, muulize mteja wangu yeyote anayesubiri gauni.

MTAFITI: Bintiye anaondoka leo.

DADA: Najua anaondoka leo, nimekwambia mimi! Lakini wewe ndiye mdogo wangu, siyo yeye. Mama alikulea na hicho kikohozi chako cha usiku mpaka ukafika hapo. Leo utupe yote kwa ajili ya—

MTAFITI: Mpe simu.

DADA: We mtoto.

MTAFITI: Mpe simu, dada. Salio litaisha.

DADA: (kwa mbali) Mzee! Mzee wangu, huyu hapa. Chukua... Hataki kuishika. Anasema ni simu ya watu. Naweka sauti juu. Haya, ongeeni.

KINYOZI: Haloo, binti. Samahani kwa kukusumbua.

MTAFITI: Shikamoo, mzee.

KINYOZI: Marahaba. Niambie tu, nimeshajikaza. Ni mbaya kiasi gani?

MTAFITI: Si mbaya, mzee. Sikiliza. (mlango unafunguliwa) Nakuja, Profesa. Dakika moja tu.

KINYOZI: Unaitwa. Nenda, binti, nitakuja siku nyingine.

MTAFITI: Usiondoke! Mzee, ule ugonjwa haumo ndani yako. Tulikupima kila ulipokuja, hatukuukuta hata mara moja. (kwa mbali) Siongei na mama, Profesa. Ni mtoaji wetu. Ndiyo, yule. Najua. Najua nilichotia sahihi. (kwa simu) Mzee, unanisikia?

KINYOZI: Nakusikia. Na yeye namsikia.

MTAFITI: Wewe nisikie mimi. Tulinyamaza kwa sababu tulipata tulichokuwa tunakitafuta. Aibu ni yetu. Damu yako haina kosa lolote.

KINYOZI: Mlipata nini?

MTAFITI: Dawa. Inaweza kuwa dawa. Tuliwapa panya waliokuwa wanakufa kwa homa ile ile, wakainuka, wakala. Watu bado hatujawapa, na siwezi kukuapia itakuwaje kwao. Lakini imetoka kwako. Kwa mtu mwingine hatukuipata.

KINYOZI: Ingemfaa mke wangu?

MTAFITI: Natamani niseme ndiyo. Sijui, mzee.

KINYOZI: Haya. Angenicheka sana. Alikuwa akisema damu yangu nzito kama uji. Na mtoto?

MTAFITI: Mbebe.

KINYOZI: Kwa mikono hii?

MTAFITI: Kwa mikono hiyo hiyo. Mbebe, mbusu, mwache akukojolee. Nenda sasa hivi, hajaondoka.

KINYOZI: Binti—

MTAFITI: Nenda, mzee!

(vishindo, mikwaruzo)

DADA: Haloo? Kashaondoka. Hata kuaga hakuaga! Anakimbia, mdogo wangu. Mtu mzima yule, karuka mtaro kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Kamkwepa mwenye mkokoteni... kapinda kona... simwoni tena.

MTAFITI: Atamkuta?

DADA: Kwa mbio zile atalikuta gari hata likiwa limeshaondoka. Haloo? Mbona nasikia mtu anafoka hapo?

MTAFITI: (kwa mbali) Ndiyo, Profesa. Hiki hapa. Na funguo? Sawa, na funguo.

DADA: Unampa nini?

MTAFITI: Kitambulisho. Dada, leo nitarudi mapema.

DADA: Mapema vipi, na hayo maandalizi yote... Aa.

MTAFITI: Eeh.

DADA: Umekula lakini?

MTAFITI: Bado.

DADA: Njoo. Nabandika maji ya kuoga sasa hivi. Na ukitoka hapo usiinamishe kichwa, umenisikia? Hujaiba kitu cha mtu. Pita mlango ule mkubwa, wa mbele, halafu—

(simu inakatika)